Sauti ya Clémence

Jioni ile nilivuka mto kwa jambo dogo kabisa. Nilitaka kuangalia mlango. Nilitaka kujua kama mlango wa nyumba ile ulifunguka kwa ndani au kwa nje.

Ilikuwa mwaka 1956. Wazungu waliuita mji wetu Stanleyville, sisi tulisema Kisangani. Mchana nilikuwa karani bandarini, jioni nilikuwa mtunzi. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na msomaji wangu alikuwa mmoja tu: Lucie, mke wangu.

Riwaya ilimhusu mwanamke niliyempa jina Clémence. Mume wake alipanda treni ya Ubundu kwenda kutafuta kazi, hakurudi. Yeye anakaa karibu na stesheni, ng'ambo ya kushoto, anasikiliza kila treni inayoingia. Basi, hadithi yote ni hiyo. Anangoja.

Mimi siwezi kuandika hewani. Lazima nione mahali. Nilizunguka ng'ambo ile Jumapili nyingi mpaka nikapata nyumba iliyonifaa, nyuma ya stesheni, mahali reli inapoingia msituni. Matofali ya udongo, bati lililooza kwa kutu, mpapai umeegemea ukuta. Haikuwa na mtu. Majirani hawakuwapo pia, na sikujiuliza kwa nini. Nilikaa kizingitini pale, karatasi juu ya magoti, nikaandika harufu, vivuli, sauti ya matone ya mvua kwenye bati.

Halafu mwanamke mwenyewe. Kumtunga mtu kutoka kichwani tu hakukunipendeza, anakuwa kama picha ya kalenda. Niliokota vipande kwa watu ninaowajua. Kicheko nilikichukua kwa Georgette, muuza mikate wa sokoni, kicheko kile kinachoanza chini kama injini ya boti halafu kinapasuka. Mikono nilimpa ya Zaina, jirani yetu wa Maniema, msusi wa nywele. Vidole virefu, hina kwenye kucha, na kovu la moto chini ya kidole gumba. Niliandika kovu lile kwa uangalifu sana. Nilijivunia kovu lile.

Uso sikuwa nimeuandika bado. Nilikuwa nautafuta.

Georgette alianza kuumwa wakati wa mvua. Kuumwa si neno lenyewe. Alikuwa mzima, anauza mikate yake, lakini mtu akimtania anafungua kinywa, mabega yanatikisika, na hakuna kitu kinachotoka. Upepo tu. Watu waliona vibaya, wakaacha kumtania.

Baada yake ikawa zamu ya Zaina. Alikuwa anamsuka Lucie barazani kwetu, vidole vikakauka katikati ya msuko. Vilikunjika, vikakataa kufunguka. Lucie alivikanda kwa mafuta ya mawese ya moto. Zaina alilia bila sauti, akifuta machozi kwa kiwiko.

Nilisikitika kama jirani. Sikuwaza kitu kingine.

Usiku wa kuamkia siku ile ya mlango nilikuwa nimeanza ukurasa mpya. Nilitaka Clémence aimbe. Nani mwingine mwenye sauti kama ya Lucie? Kanisani kwetu akianza zaburi, hata watoto wananyamaza. Niliandika mistari michache tu, nikalala. Asubuhi Lucie aliamka akikohoa.

"Koo inanikwaruza," alisema. "Iko vumbi, nazani."

Nikaenda kazini. Jioni nikavuka.

Aliyenivusha ni tonton Zacharie, mjomba wa kila mtu pale, mvuvi wa kwenye maporomoko, mzee mwenye mikono minene kama makasia yake. Alinizoea. Tulipofika ng'ambo alishika ukingo wa pirogi, mtumbwi wake, akanitazama.

"Unaenda tena kwa ile nyumba?"

"Kidogo tu, tonton. Naangalia kitu kimoja, narudi."

"Bon. Mi nakungoja hapa. Lakini giza ikiingia mbele ya wewe kurudi, mi naenda."

Nilipita stesheni. Treni haikuwapo, walinzi walikuwa wanakula. Nikafuata reli. Vyura walikuwa wanalia pande zote mbili, mpaka nilipofika kwenye mpapai.

Pale vyura walinyamaza.

Mlango ulikuwa wazi. Ulifunguka kwa ndani... nilichokuja kukiona nilikuwa nimeshakiona. Ningegeuka. Lakini harufu ilinishika. Samaki wa moshi. Mafuta ya mawese yanayoungua. Na chini yake harufu ya nguo iliyofungiwa ikiwa mbichi. Niliijua harufu ile, kwa sababu niliiandika mimi, sentensi kwa sentensi, nimekaa kwenye kizingiti kile kile cha nyumba isiyo na jiko.

Ndani, mtu akacheka.

Kilianza chini, kama injini ya boti. Halafu kikapasuka.

"Georgette?" niliita.

 Halafu nikasikia kitu kinaburutwa sakafuni, polepole, kinakuja. Vidole vikatokea kwenye ukingo wa mlango. Kimoja, kingine, kingine. Virefu. Hina kwenye kucha. Vilinyooka vizuri, vikapapasa mbao kama vinavyopapasa kichwa cha mtoto. Na chini ya kidole gumba...

Kovu.

Miguu yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilijaribu kurudi nyuma, ikakataa. Yeye akatoa kichwa nje, kwenye mwanga ule mdogo uliobaki, akanigeuzia uso.

Hakukuwa na uso.

Kulikuwa na mahali pa uso. Ngozi, laini, imetulia, kama ugali uliopoa ndani ya sahani. Chini kulikuwa na ufa mwembamba, na ufa ule ukanong'ona.

"Faustin. Umechelewa."

Ufa ukafunguka tena.

"Sauti yangu iko nusu. Maliza."

"Sauti gani?" Nilijisikia nikinong'ona kama yeye.

"Ya Lucie. Ile ulianza jana. Iko tamu... Maliza."

Akaimba. Alijaribu kuimba. Ilikuwa zaburi ya Lucie, lakini imepasukapasuka, kipande kinatoka, kipande hakitoki. Hapo miguu yangu ikarudi kuwa yangu. Nilikimbia. Nilijikwaa kwenye reli, nikapasua goti, nikaamka, nikakimbia. Nyuma yangu kicheko cha Georgette kilinifuata mpaka stesheni, kisha kikarudi taratibu, kama mtu anayeingia kwake.

Zacharie alikuwa bado ananingoja. Alinivuta ndani ya pirogi, akapiga kasia bila kuuliza. Katikati ya mto ndipo nilipoweza kusema. Nilimwambia yote: nyumba, karatasi, mikono, zaburi.

Alitema mate majini.

"Mu ile nyumba kulikuwa mutu mbele yako," alisema. "Mimi niko kijana, yeye iko pale tayari. Hana mwili. Analia tu usiku, watu walihama. Wewe ukaenda kukaa kwa mulango yake, ukaanza kumupa mwili. Kidogo kidogo. Lakini ulimupa mwili ya watu."

"Nitachoma karatasi zote, tonton. Leo leo."

"Ukichoma, unachoma na mikono ya ule mama. Na koo ya bibi yako."

"Nitafuta ile mistari, basi."

"Ukifuta, anabaki na njaa. Njaa yake inajua njia ya kwako sasa." Alipiga kasia mara kadhaa, anafikiri. "Pale unafuta, weka kitu ingine. Kitu yako. Ile iko ya kwako, unaweza kutoa."

"Yeye ni nani?"

"Hakuna mutu anajua. Hata baba yangu hakujua."

Nyumbani nilimkuta Lucie amekaa kitandani, kitambaa shingoni. Alifungua kinywa kunisalimu. Midomo ilisema jina langu. Sikusikia kitu. Akajishika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akanitazama kama mtu anayezama anavyomtazama aliye ukingoni.

Niliwasha taa. Nikachukua kalamu.

Nilifuta zaburi. Mahali pake nikaandika kwamba Clémence alikuwa na sauti nzito, ya kiume, yenye mkwaruzo kidogo kwa sababu ya tumbaku. Kwamba herufi ya r aliitamka kama wale waliosoma kwa mapadri. Kwamba akitaja jina la mtu ampendaye, anapunguza mwendo mwishoni. Niliandika kila kitu ninachokijua kuhusu sauti yangu, na wakati naandika nilikuwa nasoma kwa sauti, nisikose hata kidogo. Katikati ya sentensi ya mwisho nikaacha kuisikia sauti yangu.

Nyuma yangu Lucie alisema, wazi kabisa, "Faustin? Unaandika nini?"

Nilimgeukia nimjibu. Ulitoka upepo.

Tangu siku ile nanong'ona, na Lucie sikumwambia kwa nini. Daktari alinimulikia koo, akasema hakuona kidonda. Ofisini walinihamishia kwenye stoo, kuhesabu magunia. Georgette hakurudishiwa kicheko, na Zaina hakupona mikono. Nilifikiria kumrudishia kwa kutoa yangu. Nilikaa na kalamu mkononi jioni nyingi nikifikiria hivyo, na sikuandika. Sasa anauza chumvi, wateja wanajipimia wenyewe. Siwezi kupita mbele ya meza yake.

Riwaya niliiacha pale pale, ndani ya sanduku la bati. Clémence sikumpa uso, na sitampa.

Lakini Zacharie alikuja kuniona, ameacha pirogi mchana, jambo asilolifanya.

"Jioni mutu ananiita kwa ile ngambo," alisema. "Anasema, tonton, nivushe. Iko sauti yako. Mi najua wewe uko hapa, donc siendi. Lakini wavuvi wengine hawajui."

Mwezi ule ule niliomba uhamisho. Walinipa Basoko, na tulishuka kwa meli, Lucie na mimi na sanduku. Nilitaka maji mengi kati yetu na ile nyumba. Sikufikiria kwamba maji yenyewe yanatoka kule yanakuja huku.

Basoko ni pazuri. Lucie amepata kwaya mpya. Wavuvi wa mto Aruwimi wanatuletea samaki, jirani anatufundisha kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa namna yao. Kwa muda tulilala vizuri.

Jana alienda kuchota maji jua likizama. Nilikuwa ndani, naunga kiti kilichovunjika mguu. Alirudi mbio, ndoo imemwagika nusu, nguo imelowa, anacheka na kulia kwa pamoja. Alinishika mashavu kwa mikono yake baridi.

"Mbona unajificha?" alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Nilinong'ona, "Nikuambie nini?"

Tabasamu lake lilibaki kidogo, bila kujua pa kwenda.

"Uliniita pale mutoni, Faustin. Lucie, Lucie... polepole, kama zamani. Nikaitika. Nikasema, kuja nyumbani, mulango iko wazi." Alinitazama kinywani. "Nilifurahi sana. Nilizani umepona."