Mtamba Ambaye Hakuna Aliyemtazama

Kila alfajiri, Hilaria wa kijiji cha Getanuwas hukamua ng'ombe, mumewe Gidamis akifungua zizi. Kiangazi kilichopita mtamba wao mwenye mimba alipotea. Maziwa ya watoto ya mwaka huu yalitegemea mtamba huyo. Walimkuta kijiji cha Mogitu, kwa mkulima Sulle, aliyesema alimnunua mnadani kwa mtu asiyemjua.

Wakaenda kwa wazee wa baraza la usuluhishi. Pale ni aibu mzee kula mbele ya wenye kesi, hivyo wazee walishinda na njaa. Kesi za asubuhi zilisikilizwa taratibu. Yao ilikuwa ya mwisho, jua likishuka. Mtamba alifungwa nje, karibu na mlango. Shahidi waliyekuja naye hakuitwa.

"Ng'ombe abaki alipo," alisema mwenyekiti, Mzee Yoakimu. "Nyie wafugaji, kila ng'ombe ni wenu."

Wazee wakacheka, wakachukua fimbo zao, wakaondoka. Hilaria alibaki ameduwaa.

Kwa kina Gidamis, mzee aliyekwazika hupelekewa asali. Gidamis alipotoa kibuyu, jirani yao Loveness, msaidizi wa kisheria, alishtuka.

"Shikamoo, baba. Asali hiyo ni rushwa."

"Marahaba. Sasa niwapelekee nini? Njaa yangu?"

"Njaa ni yao, baba. Ndiyo iliyoamua."

Walidhani anatania. Akawaeleza kwamba mtu mwenye njaa na uchovu hutafuta njia fupi. Huacha mambo yalivyo, na dhana yake juu ya kabila la mwenzake humsemea. Hata mzee mwema. Hata hakimu aliyesoma. Hilaria alishtuka upya, maana alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mbaya, na sasa hakumwona.

Loveness aliwashauri waombe kwa heshima wasikilizwe tena asubuhi, pamoja na shahidi. Wasiporidhika, mahakama ipo. Kisha akaenda nao kwa Yoakimu, akaomba pia kijiji kiwapikie wazee uji wa kunywa kabla ya kesi, usitoke kwa mwenye kesi.

"Tunaamua kwa kichwa, binti, si kwa tumbo," alisema Yoakimu kwa hasira.

Loveness alimwuliza taratibu kama anakumbuka masikio ya mtamba. Mzee hakuwa ameinuka kumtazama, akawapangia asubuhi ya kusikilizwa upya.

Siku ilipofika, wazee walikunywa uji, wakamsikiliza shahidi, wakatoka nje wote. Sikio lilikuwa na alama ya ukoo wa Gidamis. Hata kipofu angeitambua kwa kupapasa. Yoakimu alimwomba Hilaria radhi kwa maneno yake.

Sulle alimkabidhi Gidamis kamba. Kisha akauliza kwa sauti ndogo nani atamsaidia yeye kumpata aliyemwuzia.

"Kaa hapa," alisema Yoakimu. "Bado asubuhi."