Hodi ya Malaika

Tangu asubuhi Ngao ya Nuru ilikuwa ikichoma vyuma juu ya jiji la Mbeya. Vyuma vyenyewe vilikuwa mabaki ya setilaiti ambazo mababu walizirusha angani wakasahau kuzishusha. Kila kimoja kilipoigusa ngao kilitoa cheche, kikageuka majivu, na majivu yakaangukia mashamba ya viazi. Wakazi walishazoea. Walianua nguo zao, basi.

Vyuma vikubwa, ambavyo ngao haikuviweza, viliachiwa askari wa anga. Atupele alikuwa hodari kuliko wote. Mama yake alikuwa binadamu na baba yake malaika, kwa hiyo yeye alikuwa nusu: mwili wa kula ugali, na mabawa ya nuru. Huko juu alipigana bega kwa bega na Nurieli, malaika kamili, mlinzi wa anga ya kusini. Wakapendana katikati ya cheche, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mama mtu, Bi Subilaga.

Kosa lilikuwa la Nurieli. Alipokuja kuposa, alipenya dari akatua sebuleni, Bi Subilaga akiwa anachambua maharage. Hakupiga hodi. Kwa malaika mlango ni hewa tu, na sauti yao husikika kichwani bila kupita sikioni. Bi Subilaga hakuinua hata macho.

"Baba yake Atupele aliingia kwa dari," alisema. "Na kwa dari akatoka, hakuaga. Wewe nenda, urudi kwa mlango, upige hodi niisikie kwa masikio haya."

Nurieli alijaribu. Kila alipobisha, mkono ulipenya ubao, bega likafuata, akajikuta sebuleni tena akiomba radhi. Atupele alicheka mpaka machozi, kisha akalia kweli, maana hata yeye alipomkumbatia mpenzi wake aliambulia joto tu.

Ndipo ikaja habari kwamba kituo kizima cha angani, kikubwa kama uwanja wa mpira, kilikuwa kinaanguka kuelekea Mbeya. Mhandisi Tusajigwe, aliyeiunda ngao, akawaita walinzi wote kwenye kipakuanuru. Huo ulikuwa mtambo wenye kiti na wenzo mmoja: anayeketi hupakuliwa nuru yake, ikamiminwa kwenye ngao. Aliwaeleza bila kuficha kwamba nuru ikishatoka hairudi, na aliyeitoa hubaki binadamu wa kawaida. Alihitajika mmoja tu. Atupele alishavua kofia yake ya chuma ili aketi, lakini Nurieli akamtangulia.

"Mama akikataa tutatoroka," Atupele alimwambia. "Usifanye hivi kwa ajili ya mlango."

"Nimepenya kila kitu tangu dunia iumbwe," Nurieli alijibu. "Nataka kitu kimoja kinizuie. Nataka kukushika mkono."

Tusajigwe alikohoa, akawakumbusha kwamba binadamu huzeeka upesi, na nusu-malaika huishi maisha ya watu watatu. "Atakutangulia, binti yangu," alisema. Nurieli akasema analijua hilo. Atupele ndiye aliyekuwa amesimama karibu na wenzo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa angani, kisha akauvuta.

Ngao iliwaka kutoka Mlima Loleza mpaka Uyole, na kituo kile kikateketea chote. Kitini alibaki kijana mwenye ngozi, anatetemeka, anauliza jambo hili linaitwaje. Atupele akamwambia ni baridi ya Mbeya. Akamvika koti lake na kumshika mkono. Ulikuwa mkono hasa, wenye jasho, na Atupele hakutaka kuuachia.

Lakini Nurieli alitaka kwenda peke yake, kwa miguu. Alifika kwa Bi Subilaga akichechemea, malengelenge yamemtoka visiginoni, Atupele akimwangalia kutoka juu ya paa la jirani. Akabisha. Mlango ukamzuia. Akautazama kwa furaha, akasugua vidole vilivyomuuma.

"Hodi," aliita.

Kimya. Kutoka ndani harufu ya maharage ilisikika, na Nurieli, kwa mara ya kwanza tangu aumbwe, akangoja. Akaita mara ya pili. Bado kimya. Mgeni asipojibiwa hodi ya tatu huondoka, ndivyo Atupele alivyomfundisha. Akaita ya tatu, kwa sauti iliyokwaruza, akasubiri, akageuka kwenda zake. Atupele alishakunjua mabawa ili amshukie.

Mlango ukafunguka. Bi Subilaga alikuwa amesimama na upawa mkononi, macho mekundu.

"Nilikuwa naisikiliza," alisema. "Karibu, mwanangu. Ila siku ya kuondoka, utaaga."

"Nitaaga, mama," alisema Nurieli.

Juu ya paa, Atupele alijua ahadi ile alipewa yeye hasa, atakayebaki nyuma, na kwamba siku hiyo ingefika mapema. Akashuka mpaka barazani, akakunja mabawa, akaingia kwa mlango.