Mkono wa Kwanza Mwekundu

Udi ulinukia ndani ya karakana ambayo tangu ijengwe ilinuka gundi na tapentaini tu. Fanueli alinusa tena, akaudhika. Nani achome udi nyumbani kwa Mlutheri, tena hapa mtaani Usagara, mchana kweupe?

Mezani vilisimama visanamu vya mifupa ya mtu, virefu kiasi cha shubiri, alivyovichonga mwaka ule wa hamsini na nne kwa ajili ya darasa la wauguzi. Jana yake alikuwa akivichagulia rangi ya mkono wa kwanza, ile ya kutangulia chini. Nyeupe ingeng'aa upesi lakini mbavu zisingeonekana vizuri. Nyeusi ingeacha kivuli kati ya ubavu na ubavu. Nyekundu, ile ya kuzuia kutu, alikuwa nayo debe zima. Akashindwa kuamua, na kwa vile ni mtu wa masihara, akakiinua kimoja, akakiuliza, "Haya, bwana mkubwa, wataka rangi gani?" Mkewe Ruthi, mja mzito baada ya mimba mbili kuharibika, alicheka mpaka akashika tumbo.

Akachagua nyeusi, akakipaka. Leo kisanamu kile kilikuwa chekundu.

Alikikwangua, akakipaka nyeusi upya. Magharibi ilipoingia akasikia brashi ikipita juu ya mti, taratibu, na alipousukuma mlango hapakuwa na mtu, ila udi uliomkaba koo, na visanamu vyote vyekundu, rangi mbichi, vimegeuzwa kumwelekea, na nyuma yake Ruthi akinong'ona kwamba mtoto leo hajacheza kabisa.

Fanueli aliogopa, tena sana. Akaenda kwa jirani yake, Bibi Mwamvua, fundi wa ngoma za pepo, akamweleza yote.

"Nilikuwa natania tu, bibi."

"Pepo hataniwi, mwanangu. Sisi humuuliza rangi akishapanda, tumpe nguo yake atulie. Wewe umemuuliza, amejibu. Sasa ataka kiti."

"Kiti gani?"

"Mtu wa kumpanda," akasema kwa sauti ya chini.

Bibi akavifunga visanamu katika kitambaa chekundu, akavinyunyizia marashi, akaenda kuvizika pwani. Harufu ikakatika. Mtoto akacheza, na Fanueli akalia kwa furaha bila kuona haya.

Baada ya juma moja alikuwa akipaka rangi kitanda cha mtoto. Ruthi akaja akaketi karibu, amejitanda kitambaa kile kile chekundu, kingali na mchanga.

"Fundi," akamwita, kwa sauti nzito ya kiume. "Na huyu wa tumboni, mbona hujamuuliza rangi?"