Mzazi Aliyenona

Harufu ya uji wa wimbi ulioungua ilitoka jikoni saa nane mchana, na jiko lilikuwa baridi tangu asubuhi.

Purity aliinusa akiwa kitandani, mtoto kwenye ziwa. "Mama," akaita, "umeacha kitu motoni?"

Mama mkwe wake, Ruguru, alikuwa uani akipura maharagwe. Akachungulia dirishani. "Moto gani? Nilizima baada ya chai. Nyonyesha mtoto."

Basi ilianza hivyo. Hakuna mlango uliojifunga wenyewe, hakuna paka aliyelia juu ya bati. Sufuria iliyosahauliwa tu, ungedhani, na ukivuta pumzi ya pili, chini ya ule uji, kitu kama nywele zilizoshika moto.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kanja, na Purity alikuwa ameolewa hapo kutoka Nkubu. Mumewe Mugendi alikuwa na mke mwingine kabla yake, Gladwell, ambaye sasa alilala chini ya migomba nyuma ya zizi. Jini lilimchukua, Purity aliambiwa. Alikuwa mzazi wa siku chache, anakoroga uji, jini likamwangusha kwenye moto akitetemeka na povu mdomoni, na mtoto wake hakukawia kumfuata. Haya yalisemwa kwa sauti ya mtu anayeeleza vile ukungu ulivyoharibu kahawa, kisha mazungumzo yakahamia kwa ng'ombe.

Huko mama mkwe hupimwa kwa mzazi wake. Mwanamke akijifungua huwekwa ndani. Halimi, hachoti maji, na kitovu cha mtoto kisipodondoka havuki lango. Kazi yake ni kula: njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, supu ya mbuzi, uji mzito, na chumvi ya kutosha, mpaka siku atakayotoka majirani waone mashavu waseme kweli, Ruguru anajua kutunza. Akitoka amekonda, aibu si yake, ni ya mama mkwe. Desturi nzuri, ya upendo kabisa, na ukiigusa utaambiwa umesoma ukapotea. Ila hakuna hata mmoja, kati ya wote walioilinda, aliyewahi kujiuliza mwili ulioshiba unatofautianaje na mwili unaojaa maji.

Kina mama walipokuja kumwona mtoto, jirani yao, Mama Tabby, alimshika Purity shavu kama anayechagua parachichi sokoni.

"Hebu oneni huyu. Hata macho yanaanza kupotea. Ruguru, wewe unalisha."

"Mimi sichezi na mzazi wangu."

"Viatu je, vinaingia?"

"Viatu gani? Hata slipasi za Mugendi zinambana."

Wakacheka. Purity naye akajaribu kucheka, lakini kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana, nyuma ya macho, kama kuna mtu huko ndani anakaza skrubu.

"Hata yule mwingine alinona hivi hivi," Mama Tabby akasema, kwa wema wote, akinyoosha mkono kuchukua kikombe.

Ruguru akaendelea kumimina uji kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, ukafurika, ukatiririka mezani, naye akaendelea tu kumimina.

Wageni walipoondoka Ruguru akawasindikiza. Mugendi alikuwa bado kwenye kituo cha kupimia majani chai. Nyumba ikanyamaza, na katika kunyamaza huko harufu ikarudi, safari hii si kutoka jikoni bali kutoka kwenye korido, ikisogea, na pamoja nayo mwendo wa miguu iliyolowa, mizito, iliyovimba kiasi kwamba kila hatua ilitoa sauti ya tope linapoachia gumboti. Purity alimkumbatia mtoto akafumba macho. Blanketi lilifunuliwa miguuni taratibu, kwa adabu, kama linavyofunuliwa na mtu aliyezoea kuhudumia wagonjwa, na kitu cha baridi, kidole gumba, kikawekwa juu ya muundi wake, kikabonyeza, kikashikilia, kikaondoka.

Alipofumbua macho aliona uso. Nusu yake ilikuwa imeungua. Mdomo ulikuwa wazi na ndani yake ulimi ulining'inia kipande, umekatwa na meno ya mwenyewe, ukijaribu kusema na kutoa damu tu. Kisha hakukuwa na mtu. Lakini kwenye mguu kulikuwa na shimo la kidole gumba, na lilibaki hapo, halijai, kama alama kwenye unga uliokandwa.

Ndipo akakumbuka. Nesi wa kliniki alikuwa akimbonyeza hivyo hivyo, mahali hapo hapo. "Shimo likibaki," nesi alisema, "na kichwa kiume, na macho yaone vimulimuli, hiyo ni presha. Usingoje mtu. Na usidhani ukishazaa umepona. Inaua hata waliokwisha kuzaa."

Mugendi alipoingia, Purity alimshika mkono, akamnong'oneza.

"Nipeleke hospitali. Leo. Gladwell amekuja."

"Nyamaza, Mama atasikia."

"Hakuja kuniua, Mugendi. Alinibonyeza mguu kama nesi. Angalia hili shimo. Alikufa kwa hiki hiki, anajaribu kuniambia."

Mugendi aliangalia shimo, akaangalia mlango. Alikuwa mtu mzuri, kila mtu pale Kanja angekuambia hivyo, na hakuwahi katika maisha yake kumpinga mama yake. "Kitovu hakijadondoka," akasema. "Ngoja tu kidogo."

Ruguru alikuwa amesimama nyuma ya pazia. "Mzazi wangu akimbizwe hospitali amenona hivyo?" akauliza polepole. "Watu waseme nilimlisha nini? Kwa yule wa kwanza waliniangalia vibaya mwaka mzima. Hapana. Hili ni lile jini, na kesho linatoka."

Kesho yake mchana alifika Nabii Hezekiah, wa kanisa la mabati, na kitambaa chake cheupe na sauti ya kujaza uwanja. Wanawake walizunguka kitanda wakiimba, harufu ya kuungua ikiwa imewafikia hata wao. Purity hakuona nyuso zao vizuri tena. Vimulimuli vya fedha vilikuwa vinashuka kila mahali, na katikati ya vimulimuli hivyo, mlangoni, alisimama Gladwell, ananyoosha mkono kuelekea lango, barabara, hospitali, ananyoosha na kunyoosha.

"Linamwita," akasema Nabii, akifuata macho yake mlangoni. "Lakini haliwezi kutoka mpaka mzazi mwenyewe alikane. Sema, toka."

"Si jini," Purity akanong'ona. "Nipelekeni hospitali. Tafadhali, Mama."

Ruguru aliinama akamchukua mtoto kutoka kifuani pake, polepole, kama anayetoa chungu mekoni. "Mtoto hanyonyi maziwa ya jini," akasema. "Sema, nitakurudishia."

Mtoto alilia. Ziwa la Purity lilianza kuvuja lenyewe, kama linavyofanya kwa kila mzazi anayesikia kilio chake, na mwanamke ambaye kichwa kinampasuka na mikono yake ni mitupu hana hoja iliyobaki ya kujadiliana na mtu yeyote.

"Toka," akasema.

Gladwell alimwangalia. Hapakuwa na hasira katika ule uso, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Akashusha mkono. Harufu ikaondoka nyumbani kama taa inavyozimwa, kila mtu akaisikia ikiondoka, na wanawake wakatoka uani wakipiga vigelegele, Nabii akajifuta jasho, Ruguru akamrudisha mtoto kama alivyoahidi na kwenda kupasha supu, na katika utulivu huo mtamu, ambapo hakuna tena aliyembonyeza wala kumwonyesha barabara, Purity aliona mkono wake wa kushoto ukijikunja wenyewe, akataka kumwita Mugendi, na meno yakafungana juu ya ulimi kabla jina halijatoka, na kitanda kikaanza kugonga ukuta, kikagonga, kikagonga, huku nje watu wakiimba kwa nguvu zaidi wakidhani ni jini linaaga.

Walimlaza chini ya migomba, kando ya mwenzake. Mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe. Nabii alieleza kuwa jini lilitoka vizuri, ila lilitoka na mtu.

Mvua mbili zikapita. Mugendi alioa tena, msichana mcheshi wa kutoka Kiambere aitwaye Wanjira, naye akajifungua, akawekwa ndani, akalishwa. Mama Tabby alikuja kumshika shavu akamsifu.

Jioni hiyo, jikoni kulikokuwa baridi, Purity alisimama. Ulimi wake ulikuwa mzito na umekatika. Alikuwa amejaribu maneno yote na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Alikuwa amebaki na kidole.

"Mama," Wanjira akaita kutoka chumbani, "umeacha kitu motoni?"

Uani Ruguru aliacha kupura. Akanusa hewa. Akapangusa mikono kwenye leso na kutoa simu kifuani, akatafuta jina la Hezekiah.

Purity, koridoni, akaongeza mwendo kuelekea chumbani.