Nyumba Thelathini Zilizotembelewa kwa Simu

Pikipiki ya mradi ilikuwa imeshawaka, mguu mmoja wa Kalamu uko chini, na mkewe anamfungia mkoba wa fomu nyuma ya kiti.

"Ukifika kwa mama msalimie."

"Naanza na yeye," akasema, akaondoka. Ndugu zangu, mngewaona asubuhi ile mngesema hapa ndipo penye raha.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba chao cha uani, nikishona magodoro sokoni. Kazi ya Kalamu niliijua. Watu thelathini ng'ambo ya mto, mama mkwe wake akiwa mmoja wao, walikuwa wanajaribiwa vidonge vipya vya shinikizo la damu, naye kila wiki alitakiwa aingie kila nyumba, atazame macho, aulize rangi ya mkojo, maana vidonge vile vingeweza kuharibu ini. Lakini pikipiki ile haikuvuka daraja. Iliishia nyuma ya banda langu, mwenyewe akaketi juu ya pamba na simu yake.

"Mama, hamjambo?"

"Hatujambo, baba. Watoto je?"

"Wazima. Haya mama, niko mbioni." Anakata, anaandika: hana tatizo.

Sasa nyie mnazijua salamu zetu. Mtu hata awe hoi atasema hajambo kwanza, la moyoni linakuja baada ya habari ya tatu au ya nne. Kalamu hakuwahi kufika huko. Nilipomwambia, alicheka. "Mzee, wewe shona. Mkuu wa utafiti anataka fomu safi, hataki hadithi."

Wiki ya tano mkewe akaenda mwenyewe kwa mama yake. Alirudi mchana, hakuvua hata viatu.

"Macho ya mama ni ya njano. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi, wiki ya pili hii. Baba watoto, Jumatatu ulimwona?"

"Tulizungumza."

"Sijauliza mazungumzo."

Kalamu akampigia Mkuu, nasi tunasikia. "Ripoti nimeshatuma," Mkuu akasema, taratibu kabisa. "Fomu zina sahihi yako, siyo yangu. Mpeleke mama hospitali, sema kala kitu kibaya. Basi."

"Na wale ishirini na tisa?" mkewe akauliza. "Jioni si wanameza tena?"

Zilibaki saa tatu. Kalamu akachukua mkoba. Hospitali alimwambia daktari wa zamu, "Sikwenda hata nyumba moja. Nimeandika uongo." Daktari akaagiza vidonge vikusanywe mara moja. Tukavuka daraja, mimi nimepakiwa nyuma, mlango kwa mlango. Nyumba ya kumi na saba, ya seremala, tulikuta wametoka kuzika.

"Ulipiga Jumanne," mjane akamwambia. "Alikuwa na jambo la kukueleza. Ulikata."

Mama mkwe alilazwa mwezi mzima, akapona. Wengine sita walitibiwa. Utafiti ulifungwa. Kalamu alikaa jela miaka miwili, sasa anauza mkaa, na mkewe hajamwacha lakini hazungumzi naye sana. Mkuu yuko kwenye mradi mwingine. Mjane wa seremala amerudi kwa kaka zake na watoto wanne. Mimi nilihama mji ule.

FUNZO

Wewe unayetumwa kufuatilia afya za watu, nenda ukawaone kwa macho yako. Fomu ya uongo inaua kama sumu. Nanyi wakubwa mnaosifia fomu safi, damu hiyo ni yenu pia. Na wewe unayepewa dawa ya majaribio, uliza ni ya nini, na kukataa ni haki yako. Wakikupigia, anza na maumivu. Salamu zitafuata.