Mwenza wa Asidi

Harufu ya mbuzi aliyelowa haikuwa na njia ya kuingia mle. Hewa ya maabara ile, ambamo wanafunzi wa chuo walichonga saketi ndogo kuliko chembe ya vumbi, ilichujwa hata marashi yakaishia mlangoni. Fundi mitambo aliinusa, akamgeukia mdogo wake, mwanafunzi wa humo humo, aliyemlea tangu mama yao afe.

"Umefanya nini wewe?"

Kijana akainamisha macho. Sheria ilikataza mtu kushika asidi peke yake. Lazima awe na mwenza. Yeye alikuwa na haraka na wenzake wako likizo, basi akashindilia matambara ndani ya vazi jeupe la kazi, lile linalomfunika mtu toka utosini hadi nyayoni, akalivisha barakoa na miwani, akalisimamisha kando ya beseni la asidi ili kamera ione watu wawili.

"Jana nilifungua zipu. Matambara hayamo, dada. Na bado limesimama."

Ujanja mwingi, mbele giza. Fundi alimwita shangazi yao, mganga asiyefanya mzaha na majini. Shangazi akachungulia kwenye dirisha la kioo. Vazi likageuza kichwa, likamtazama.

"Harufu hiyo ya mbuzi ni ya jini. Mmeliita mwenza, nalo limekubali," alinong'ona. "Nipeni chetezo nilifukize humu humu, sasa hivi."

"Moshi? Humu? Shangazi, utaniulia mashine zote!"

"Haya, tulichome nje. Ila litalia kwa sauti ya umpendaye. Ukisita, umekwisha."

Fundi na shangazi wakatoka kuchimba shimo nyuma ya jengo, kijana akabaki kuulinda mlango. Waliporudi wakalikuta limelala sakafuni, limefungwa kamba, naye amesimama kando yake.

"Halikupigana hata kidogo," alisema.

Walipolibeba hadi shimoni lilikuwa zito kama mtu, na lilipomwagiwa mafuta ya taa likaanza kufurukuta na kulia, "Dada, ni mimi, dada, nifungue," kwa sauti ile ile iliyomlilia usiku waliomzika mama, na Fundi, machozi yakimbubujika, akalishika onyo la shangazi, akawasha kiberiti, akakitupa, akasimama pale pale akisikiliza kilio kile kikipanda na kukatika na kupanda tena mpaka kikafia kooni, huku mkono wa mdogo wake ukimkanda begani taratibu.

Moto ulipofifia, shangazi alichokoa majivu kwa fimbo. Likaja taya la mtu, na ndani yake jino la chuma ambalo Fundi mwenyewe alimpeleka mdogo wake kuwekewa alipovunjika jino utotoni. Shangazi alilitazama, akamtazama aliyesimama nyuma ya Fundi, akaitupa fimbo na kukimbia bila kuaga.

Fundi akapiga magoti.

"Usilie, dada," ikasema sauti nyuma yake, na mkono ukarudi begani. "Mimi si nipo?"