Chumba cha Mama Hakipati Joto

Theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Swantje alikuwa akiwapakia wanawe siagi kwenye mkate, lakini sikio lilikuwa ukutani. Upande wa pili mkwewe, Mama Irmgard, alikuwa akikohoa. Alikuwa ametoka hospitali juzi tu, na daktari alikuwa ameonya: chumba chake kikipoa, homa ya mapafu itarudi.

Nacho kilikuwa kinapoa.

Kila chumba kilikuwa na kidhibiti joto chake, na Swantje aliviamuru vyote kwa simu. Alipandisha joto la chumba cha mama mpaka mwisho. Wapi! Akapandisha na la sebuleni, akitumaini litavuka ukuta. Watoto wakatokwa jasho, mama akazidi kukohoa. Swantje akaingiwa na hofu hasa, akamwita jirani yake Roswitha, fundi wa mitambo ya joto.

"Mnaoka watoto humu?" Roswitha aliuliza mlangoni.

"Usinitanie, jirani. Mama ataniponyoka."

Chumbani kwa mama, Roswitha akavuta pazia. Dirisha lilikuwa limeinamishwa kwa ndani, limeacha mwanya juu.

"Mama, nani kalifungua?" Roswitha akauliza.

"Mimi. Tangu niolewe nalala hivyo. Hewa isiyotoka ni sumu. Au mnataka ninuke?"

"Hewa unaihitaji kweli, mama. Ila kidude hiki kwenye fremu kikiona dirisha liko wazi, joto la chumba hiki linazimwa, lisipotee bure. Swantje angepandisha mpaka kesho, lisiwake."

"Na la sebuleni?" Swantje aliuliza.

"Linabaki sebuleni. Kila chumba kinajitegemea."

"Sasa nifanyeje?"

"Asubuhi na jioni mtoe mama chumbani, fungua dirisha lote dakika chache, kisha lifunge. Kwenye simu weka joto analolitaka, basi. Namba kubwa haiharakishi kitu."

Wakafunga dirisha. Baada ya muda bomba la joto lililo chini yake likaanza kupata moto.

Wakaendelea hivyo kila siku, mama akinung'unika. Mchana mmoja Swantje alikuwa akikoroga supu, akagundua kikohozi hakisikiki. Akatupa mwiko, akaingia chumbani bila kubisha.

Mama Irmgard alikuwa ameketi bila shali, akifuma soksi.

"Unakimbizwa na nani?"

"Umenyamaza, mama."

"Nikikohoa taabu, nikinyamaza taabu. Nifanye lipi?"

Swantje akamshika mikono. Ilikuwa na joto. Akaketi kando yake, akalia mpaka supu ikaungua.